Kidole cha Fundi Pindo

Kijiwe hiki hakina kibao, lakini ukishuka stendi ya Handeni ukauliza kwa Fundi Pindo, hata muuza karanga atakuelekeza kwa kidevu bila kuacha kufunga karanga zake. Ni baraza fupi ya sementi iliyopasuka, nyuma ya maduka ya mbegu, yenye benchi moja refu, cherehani moja ya kukanyaga, na birika la kahawa la Awadhi likifukuta juu ya mkaa. Kahawa hapa ni chungu, kashata ni tamu, na maneno hayauzwi, unajichotea. Mwenye cherehani ni Muhidini, mzee wa Kizigua mwenye sauti ya chini, ambaye kwa kukunja mapindo ya suruali, sketi za shule na shuka za wafugaji tangu ujana wake, watu walilisahau jina lake wakabaki na Pindo. Jumamosi hii, baada ya swala ya alasiri, mguu wake wa kulia umelazwa juu ya kigoda, kidole gumba kimezungushiwa bendeji, na kijiwe kizima kimekikodolea macho. Kuna sababu. Daktari amesema Jumatatu akikikuta kidonda kiko vilevile, kidole kinakatwa.

Kwa mtu mwingine kidole gumba cha mguu ni kitu cha kujikwaa nacho. Kwa Muhidini ndicho kinachoanza kuikanyaga pedeli ya cherehani kila asubuhi, na miguu mingine yote ya nyumbani kwake imekuwa ikila kwa kidole hicho. Aliogopa, wala hakuwa mtu wa kujifanya haogopi. Ndiyo maana aliupenda huu mjadala. Mtu aliyeahidiwa kisu hufarijika akisikia kwamba kosa ni la bendeji.

— Mimi nasema ni bendeji, alifungua Mzee Mhina.

Huyu wenzake wanamwita Mahakama. Alikaa baraza la kata miaka mingi, na hadi leo hawezi kuondoka mahali bila kutoa hukumu.

— Bendeji imefanya nini? aliuliza Awadhi, akigonganisha vikombe viwili mkononi kama kawaida yake.

— Imeziba. Ngozi ya mtu inapumua, bwana. Wewe nikikufunga shuka usoni mwezi mzima utapona?

— Nilikuwa naumwa nini?

— Usiniulize wewe, naongea na mgonjwa. Fundi, utapona?

— Sitapona, alikubali Muhidini.

— Basi. Ndiyo maana wahenga wakasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hicho kidonda kimefichwa. Kifunue, kikae barazani, kisalimiane na watu. Kitapona kwa aibu yake chenyewe.

Awadhi alitikisa kichwa taratibu. Ni mtu mpole, wa kupika kahawa kwa subira na kubishana kwa subira vilevile.

— Wazee wangu, ngojeni kwanza, aliingia Jabiri.

Jabiri ni kijana wa bodaboda, jirani wa Muhidini ukuta kwa ukuta. Wenzake stendi wanamwita Breki, kwa sababu pikipiki yake haina.

— Hili suala ni la kisayansi, mjue. Kiukweli kabisa. Fundi akienda kliniki wanamtoboa wapi kupima sukari?

— Kidole cha mkono.

— Cha mkono. Kila kliniki, mkono. Sasa damu nayo ina akili zake. Ikizoea kuitwa mkononi, inahamia mkononi mazima. Huku chini kunabaki ukame. Kidonda kitaponaje kwenye ukame?

— Kwa hiyo ushauri wako ni nini?

— Wamtoboe mguuni, damu ishuke.

— Mguuni ndiko kwenye kidonda, Breki!

— Si ndio karibu sasa?

Mzee Mhina alifikiri, akanyoosha kidole juu.

— Kijana hajakosea sana. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Kitu kizito kikishapanda, kushuka kinachelewa.

— Kitu kizito ndicho kinachowahi kushuka, Mahakama, alisema Awadhi.

— Inategemea kilipanda vipi.

Muhidini alicheka mpaka mguu ukatikisika kwenye kigoda, kisha akashika goti kwa maumivu. Wote waligeuka wakamwangalia. Wanampenda, hilo halina ubishi. Awadhi alimmiminia kikombe kingine, akamsogezea kisahani kidogo kilichofunikwa kwa kawa ya ukindu. Kila alasiri kisahani hicho huwekwa mbali na vingine. Humo mna kashata za mgonjwa.

— Kahawa chungu haishuki yenyewe, alinong'ona Awadhi. Kidogo tu.

Na hapo inabidi kidogo turudi nyuma.

Kidonda kilianzia kwenye kiatu kipya cha Idi. Sukari Muhidini alikuwa nayo tangu zamani, kiatu kikamla kidole, kidole kikagoma kupona. Daktari alimpa masharti: ugali usizidi ngumi yake, mboga zijae sahani, vitamu avisahau, na cherehani asiikanyage kabisa mpaka aambiwe. Mkewe, Mama Munira, jina lake Zamda, aliyachukua masharti yale kama amri ya jeshi. Kopo la sukari alilihamishia kwa jirani. Ugali aliupima kwa ngumi ya mumewe mezani, ngumi ikikunjuka anaona. Pedeli ya cherehani aliifunga kwa kamba ya katani. Kidonda kikaanza kunywea, kikaota ngozi mpya pembeni, ya rangi ya waridi.

Kisha binti yao Munira akajifungua huko Kerenge, upande wa Korogwe, na mama hawezi kukaa mbali binti akiwa mzazi mchanga. Zamda aliondoka akiwa na kapu na wasiwasi. Aliwakuta wanakijiwe hapahapa barazani, akawaambia, "Nawaachia mgonjwa wangu." Nao walijibu kwa mkupuo kwamba asiwe na shaka, mgonjwa hatalala njaa.

Hakulala njaa. Kesho yake alfajiri nyumba ya Mzee Mhina ilileta bakuli la uji na viazi vitamu, limefunikwa. Mchana mama yake Jabiri akaleta bada, ule ugali wa muhogo, mlima mzima, limefunikwa, na Jabiri mwenyewe akapitisha soda nyekundu dirishani, maana inasemekana nyekundu inaongeza damu. Alasiri, kisahani cha Awadhi. Kila mmoja alijiona yeye ndiye pekee aliyekumbuka, na kila mmoja alisema maneno yaleyale: kidogo tu, Mama Munira asisikie. Muhidini alilelewa kwenye nyumba ambayo sahani ya mtu iliyokuja imefunikwa hairudishwi kama ilivyokuja. Kuirudisha ni kumtukana aliyekesha jikoni. Basi alikula. Alikula uji kwa heshima ya Mzee Mhina, akala bada kwa heshima ya jirani, akanywa soda kwa heshima ya kijana anayejitafutia, na kashata, tuseme ukweli, alizila kwa sababu ni tamu.

Kamba ya katani nayo ilifunguliwa na Mzee Mhina kwa mkono wake. Mjukuu wake alichana kaptula. Mshono mmoja tu, Fundi, utakanyaga kwa kisigino. Baada ya kaptula zikaja sketi.

Zamda hupiga simu kila siku baada ya alasiri. "Umekula nini, Baba Munira?" Naye hujibu, "Mboga tu." Si uongo. Mboga alikula, ila mboga haikuja peke yake.

Na kliniki? Kliniki ndiyo siri yake kubwa kuliko zote. Siku mbili kabla ya kliniki, alitangaza kijiweni kwamba analipa siku zake za Ramadhani. Mtu aliyefunga halazimishwi sahani, akiletewa anaombewa dua. Akafunga kweli, jioni akafuturu mchicha na maji. Hakumdanganya Mungu. Alidanganya kipimo. Kipimo kikasoma vizuri, daktari akakuna kichwa, akauliza, "Mzee, sukari imetulia, mbona kidonda kinarudi nyuma? Unakula kama tulivyokubaliana?" Muhidini akasema kama tulivyokubaliana, daktari. Toka hapo kijiwe kikapata kazi. Sukari iko sawa, kidonda hakiko sawa. Sasa ni nini?

— Ni mawazo, alisema Awadhi, akiurudisha mjadala njiani. Nawaambia kila siku hamnisikii. Fundi, Mama Munira alipokuwepo kidonda kilikuwaje?

— Kilikuwa kinafunga.

— Alipoondoka?

— Kikafunguka.

— Mnataka ushahidi gani tena? Sukari haipitii mdomoni, jamani. Inapitia kwenye mawazo. Mtu analala peke yake, anaamka peke yake, anaongea na cherehani. Mawazo yanajaa, yanachacha, yanageuka sukari.

— Mzee Awadhi, kitu kikichacha si kinakuwa kichungu? aliuliza Jabiri.

— Togwa likichacha linakuwaje?

— Linakuwa pombe.

— Basi na ashukuru hajalewa.

Mzee Mhina aligonga benchi kwa kiganja.

— Ngojeni. Mahakama ina swali kwa mgonjwa. Hii cherehani ulinunua wapi?

— Korogwe. Kwa fundi mmoja, marehemu sasa.

— Huyo marehemu alikuwa na miguu mingapi?

— Miwili, kama watu wote.

— Ilikuwa mizima?

Muhidini alisita. Aliitazama pedeli, chuma chake kimelainika katikati kwa kukanyagwa.

— Mmoja ulikuwa unamsumbua, alisema.

— Mahakama imemaliza.

— Imemaliza nini? aliuliza Awadhi.

— Cherehani hiyo inakula miguu. Imemla wa kwanza, inamla wa pili. Mkuki kwa nguruwe.

— Mkuki umeingiaje hapa?

— Umeingia. We subiri tu.

— Kama ni chuma, basi ni mnara, alisema Jabiri, akionyesha mnara wa simu juu ya mapaa. Sikilizeni. Mawimbi yanatoka kule, yanashuka ardhini, yanatafuta chuma. Yakikuta pedeli yanapanda. Ya kwanza kupigwa ni nini? Kidole gumba. Si ndicho kiko mbele?

— Mbona mimi sijapigwa?

— Wewe Mzee Awadhi simu yako ina nini? Ya tochi. Haivuti mawimbi, inavuta mende tu.

Walicheka wote. Muhidini alicheka pia, na akajisikia vizuri kidogo. Bendeji, damu, mawazo, marehemu, mnara. Katika orodha yote ile hapakuwa na mahali alipotajwa yeye. Kesho angeanza kufunga, Jumatatu kipimo kingesoma vizuri tena. Halafu akakumbuka kwamba safari hii daktari hatatazama kipimo. Atatazama kidole. Kicheko kikamkauka.

Wakati huo ndipo akaja mtu kutoka upande wa barabara ya Kang'ata, mrefu, amejifunga shuka moja na kubeba nyingine mpya zimefungwa pamoja begani. Aliegemeza fimbo ukutani, akawasalimia kwa heshima kila mmoja kwa zamu. Alijitambulisha kwa jina la Tajeu. Aliambiwa na watu wa mnadani kwamba pindo zuri la shuka liko hapa.

— Karibu sana! alisema Mzee Mhina, akisogea benchini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na leo bahati yako, mwenyeji mgonjwa tunaye.

Tajeu alikaa. Awadhi akampa kikombe. Alitazama bendeji, akatazama uso wa Muhidini, akasema pole, mzee. Na kwa kuwa kijiwe hakiwezi kumwona mgeni bila kumhadithia, walimweleza wote watatu kwa pamoja, mmoja anaanza sentensi mwingine anaimalizia: bendeji isiyopumua, damu iliyohamia mkononi, mawazo yaliyochacha, marehemu wa Korogwe, mnara. Tajeu alisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kukaa porini kutwa nzima. Alitoa kikopo cha ugoro kiunoni, akanusa, akapiga chafya, akakohoa, akafuta macho.

— Na jana alikula nini? aliuliza.

— Nani?

— Huyu mzee. Jana. Alikula nini?

Vikombe vya Awadhi viliacha kugongana.

— Kwa nini jana? aliuliza Mzee Mhina. Kidonda ni cha tangu Idi.

— Sijui mambo ya hospitali, mzee wangu. Kwetu ng'ombe akianza kuumwa, kabla ya kisu, kabla ya sindano, unamwuliza aliyechunga: jana ulimlisha wapi? Ndio mwanzo. Mengine yanafuata.

Jabiri aliinamia kucha zake. Awadhi alichochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Mzee Mhina, ambaye hajawahi kukosa hukumu, aliitafuta kwenye kahawa yake na hakuiona. Kila mmoja alijua kitu kimoja kuhusu jana ya Muhidini, na hicho kimoja hakutaka kukitaja mbele za watu.

— Wewe mwenyewe, Mzee Mhina alijitetea hatimaye, hicho kifua kinachokohoa hukioni? Na unanusa ugoro.

— Nimeambiwa niache, alisema Tajeu. Hospitali wameniambia mara nyingi. Sijaacha.

— Unaona!

— Lakini najua ni ugoro, mzee. Sisemi ni mnara.

Jabiri alitaka kucheka, akashindwa. Macho ya benchi zima yalimhamia Muhidini, kwa kuwa mwisho wa yote mwenye jana ni yeye.

Muhidini alifungua mdomo. "Mboga tu" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, limelala hapo toka mwezi uliopita. Lakini lilikataa kutoka mbele ya watu hawa, maana kila mmoja wao alijua ni uongo kwa kipande chake. Akaona kwamba akitaka kusema kweli, lazima aanze na bakuli la Mzee Mhina, apite kwenye bada la mama Jabiri na soda ya dirishani, amalizie na kisahani kilichoko hapa mbele yake. Ingekuwa kama kuwasomea mashitaka watu waliomtendea wema. Na asiposema, kuna kisu Jumatatu. Alijisikia mnyonge, mtu mzima aliyebanwa kati ya heshima na kidole chake mwenyewe.

Simu ililia juu ya cherehani. Jabiri, ambaye ndiye fundi wa simu hapo kijiweni, aliiweka spika kwa mazoea, maana kijiwe kizima humsalimu Mama Munira kila siku. Nyuma ya sauti yake kichanga kilikuwa kinalia.

— Asalaam alaykum, Baba Munira.

— Waalaykum salaam. Mzazi hajambo?

— Hajambo, na mjukuu wako ana mapafu, unamsikia. Kidole?

— Kipo.

— Najua kipo. Kinaendeleaje?

— Tunakijadili.

— Umekula nini, Baba Munira?

Tajeu aliinua uso akaitazama simu, kisha akamtazama Muhidini kwa huruma. Swali lilelile, mara ya pili, kwenye baraza moja. Muhidini alivuta pumzi.

— Mama Munira, leo sitakujibu mimi, alisema. Wenyewe wako hapa. Kila mtu akueleze cha kwake.

Akaichukua simu, akamkabidhi Mzee Mhina. Mzee aliishika kama mtu aliyepewa kaa la moto. Alikohoa mara mbili.

— Shemeji.

— Shemeji, habari za hapo?

— Nzuri. Shemeji, mimi... mimi ni uji.

— Uji?

— Wa alfajiri. Na viazi. Sukari kidogo tu, shemeji, kidogo sana. Unajua tena, haba na haba...

— Hujaza kibaba, alimalizia Zamda.

Mzee Mhina aliisikia methali ile kwa mara ya kwanza maishani mwake, ingawa aliitumia toka utoto. Akampa Jabiri simu.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, Jabiri. Na wewe ni nani?

— Mimi ni soda, mama. Nyekundu. Na bada la mchana ni la bimkubwa.

— Kumbe na wewe! Mzee Mhina alimgeukia. Soda?

— Mzee, na wewe uji? Mimi nilijua Fundi anashinda na mchicha, ndo nikamuonea huruma.

— Hata mimi ndivyo nilivyojua!

— Mpe Awadhi, ilisema simu.

Awadhi hakuipokea. Aliinama tu juu ya simu iliyoko mkononi mwa Jabiri, akasema kwa sauti yake ya upole:

— Kashata, dada. Nisamehe. Nilimwekea kwenye kawa kila siku.

— Mmebaki wangapi?

Walitazamana. Mzee Mhina alikumbuka kamba ya katani, akafumba macho, akaisema na hiyo. Kaptula ya mjukuu. Sketi. Akamalizia kwamba Fundi alikanyaga kwa kisigino tu. Hapo Tajeu naye, ambaye hakuwa ameulizwa, aliona si vizuri kukaa pembeni wakati wenzake wanahesabiwa. Alisogea.

— Mama, mimi ni mgeni. Mimi ni shuka.

— Shuka za nini, baba?

— Za kukunja pindo. Nimezisikia sifa zake mnadani. Nimeleta azikanyage leo.

Muhidini alizitazama shuka begani kwa Tajeu. Ni kweli. Hata huyu aliyeuliza swali alikuja na lake.

Kule Kerenge kichanga kilikuwa kimenyamaza, pengine kimepewa ziwa. Zamda alipozungumza hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

— Haya. Ahsanteni kwa kunitunzia mume wangu. Najua mlimpenda. Sasa Jumatatu, kwenye ile meza ya daktari, nani kati yenu atauweka mguu wake?

Simu ilisubiri. Jabiri aliishikilia hewani. Mzee Mhina alitazama miguu yake mwenyewe ndani ya makubazi, miguu mizee lakini mizima, vidole vyote mahali pake. Awadhi alitazama ya kwake. Hakuna aliyesema mimi, na hakuna aliyesema si mimi.

— Basi nampakata mtoto, alisema Zamda. Baba Munira, nitapiga kesho.

Ikakatika.

Awadhi aliinua birika ili afanye chochote, akaliinamisha juu ya kikombe cha Tajeu. Yalitoka machicha meusi, kisha hewa. Kahawa imekwisha, na jua bado lipo. Haijawahi kutokea kijiweni hapo kahawa ikaisha kabla ya maneno, lakini siku hiyo vyote viliisha pamoja.

— Kwa hiyo kesho unafunga, Fundi? Mzee Mhina aliuliza kwa sauti ndogo. Unalipa Ramadhani yako?

Muhidini alitikisa kichwa.

— Ramadhani nilishalipa. Kesho nakula ngumi yangu ya ugali na mboga, na Jumatatu naenda na damu yangu kama ilivyo. Akiniuliza nitamwambia yote. Uji, soda, kisigino. Ajue anatibu nini.

— Na akikata?

— Akikata amekata. Lakini akate akijua.

Kisha aliutelemsha mguu taratibu kutoka kwenye kigoda, akainama na kuitafuta ile kamba ya katani chini ya cherehani, ambako ilikuwa imetupwa toka mwezi uliopita. Alimpa Jabiri. Jabiri alipiga magoti, akaifunga pedeli, fundo juu ya fundo. Tajeu hakusubiri kuambiwa. Aliziweka shuka zake kwenye rafu ya ukutani zisubiri, akasema ng'ombe wake hawajali kama shuka ina pindo au haina.

Kisahani kilikuwa bado palepale benchini. Muhidini alikivuta. Harufu ya karanga na sukari iliyoungua ilipenya kwenye ukindu, naye aliitaka kwa moyo wake wote. Alikaa nacho kidogo mapajani. Halafu akakinyoosha kwa Awadhi, kawa ikiwa juu.

— Usichukie, ndugu yangu.

Awadhi alikipokea kwa mikono miwili. Aliinua kawa pembeni akachungulia, na kashata zote zilikuwamo.